Njia ya Havana

Kijana wa Zombo, wilayani Kilosa, anayetamani udaktari huwaza chuo cha Muhimbili. Wazazi wenye uwezo hutaja India au China. Kuba haitajwi. Ni hasara kubwa, maana Watanzania walikwishaipita njia ya kwenda Kuba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, vijana wa Kizanzibari walikwenda Kuba kupata mafunzo. Waliporudi waliitwa makomredi. Mwalimu Nyerere alizuru Havana mwaka 1974, na Fidel Castro akaja Tanzania Machi 1977.

Si Kuba tu; eneo la Karibi, iliko Kuba, nalo liliipa Tanzania mwalimu. Walter Rodney, mzaliwa wa Guyana, alihitimu chuo kikuu huko Mona, Jamaika, mwaka 1963, kisha akafundisha historia Dar es Salaam.

Mwaka 1999, baada ya kimbunga Mitch kuua maelfu Amerika ya Kati, Kuba ilifungua chuo cha udaktari mjini Havana kwa vijana wa kigeni, hasa wa familia maskini. Masomo ni kwa Kihispania, na wanaopata ufadhili hawalipi ada. Mwanafunzi hufundwa mapema katika zahanati za mitaa, akijifunza kukinga maradhi kabla ya kutibu. Kilosa, ambako Mto Mkondoa ulifurika na kuwaacha maelfu bila makazi msimu wa 2009/2010, inamhitaji daktari wa aina hiyo.