Kabla ya kanga kulikuwa na sindano

Lipo neno la Kiswahili ambalo siku hizi ni nadra kulisikia mtu akilitamka: mfarishi. Ni tandiko la nguo lililotiwa pamba katikati na kushonwa juu kwa juu ili pamba isikimbie. Wenzetu wa ng'ambo wamelifanya tandiko la namna hiyo kuwa mchezo, sanaa na hata ibada ya mwisho wa wiki. Kina mama wanakusanyika, mmoja kaja na keki, mwingine kaja na umbea, wanaunga vipande vya nguo hadi jua linazama.

Tena si wenye nazo peke yao. Kule Gee's Bend, jimbo la Alabama, kina mama weusi ambao bibi zao walikuwa watumwa kwenye mashamba ya pamba waliunga suruali kuukuu za kazi ili watoto wasife kwa baridi. Mwaka 2002 matandiko hayo hayo yakatundikwa ukutani kwenye makumbusho ya Whitney, New York. Mwaka 2006 posta ya Marekani ikayaweka kwenye stempu. Kiraka kimekwenda mjini!

Rafiki yangu mmoja nilipomweleza habari hizi akacheka, akasema, "Sisi mambo hayo hatuna. Kwetu kiraka ni umaskini." Nimekaa na jibu lake wiki nzima. Nabisha. Nabisha kwa ushahidi wa nguo ambayo kila nyumba ya pwani inayo, na kwa ushahidi wa uvungu wa kitanda cha shangazi yangu, Kisarawe.

Tuanze na nguo. Karne ya 19 ilipokuwa inaelekea ukingoni, mwanamke wa kawaida huku kwetu alivaa merikani au kaniki. Merikani ni ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyoletwa na meli kutoka Salem, Massachusetts, ndiyo maana ikaitwa hivyo. Kaniki ilitoka India, nyeusi au buluu ya kuiva. Nguo hizo ndizo zilizopanda mabegani mwa wapagazi kutoka Bagamoyo kwenda bara, na zikitumika kama fedha. Pia ndizo zilizokuwa vazi la mtumwa. Ukimwona mtu kajifunga kaniki ulijua, au ulidhani unajua, yuko chini ya nani.

Basi masimulizi yanayokubalika na wengi, Unguja na Mombasa kote wakigombea sifa, yanasema hivi. Wafanyabiashara walikuwa wanauza vitambaa vya mkononi vya maua, ambavyo Wareno waliviita *lenço* nasi tukaviita leso. Vilikuja vikiwa havijakatwa, vimefuatana kwenye jora. Kina mama wakaona kitu ambacho mwenye duka hakukiona. Wakanunua vipande sita kwa mkupuo, wakakata katikati, wakapata mikanda miwili ya vipande vitatu vitatu, wakailaza sambamba na kuiunga kwa sindano. Likapatikana shuka moja pana lenye miraba sita ya maua.

Sasa niambie, hicho ni nini kama si viraka? Nguo iliyotafuta kumtoa mwanamke kwenye kaniki ilianza kwa kuunga vipande, kwa mkono, uani.

Wenye viwanda ng'ambo na wenye maduka walipoona mambo yanakwenda wakachapa shuka zima moja kwa moja, wakaondoa kazi ya sindano. Mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak akaanza biashara yake Mombasa, na alama yake ya "Mali ya Abdulla" inajulikana mpaka leo. Baadaye yakaja maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu, halafu kwa hizi tunazotumia sasa. Sikatai kwamba mzee yule alikuwa na jicho la biashara. Ninachouliza ni kwa nini tunalijua jina lake na alama yake, ilhali hakuna hata jina moja la mwanamke aliyeshika sindano. Tumefundishwa historia ya wauzaji. Wavaaji wamebaki kuitwa "kina mama".

Na kuna jambo linanichekesha kila ninapopita madukani. Leo kanga inauzwa doti, mbili zikiwa zimeshikana, na kazi ya kwanza ukifika nyumbani ni kuzikata na kupinda pindo. Wale walinunua vipande wakaunga. Sisi tunanunua vilivyoungwa tukakata.

Haya, tuhamie kwenye ushahidi wa pili. Mama yangu anaishi Kibaha, Maili Moja. Ni wa kizazi kilichofundishwa sayansi kimu shuleni, na hadi leo makochi ya sebuleni kwake hayajawahi kukaa uchi: yana vitambaa vya kufuma kwa kroshia, vyeupe, vinavyofuliwa kila Ijumaa. Ana mashoga zake wanne. Jumamosi moja kila mwezi wanapanda gari hadi Mbezi, wanabadilisha kwenda Gongo la Mboto, wanabadilisha tena kwenda Kisarawe kwa shangazi. Wamebeba nyuzi, vitumbua na chupa ya chai, kana kwamba kule hakuna chai. Huo ndio utalii wao. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi wanauona dirishani, na wanatosheka.

Shangazi hafumi. Shangazi anasuka ukili.

Kwa asiyejua: mkeka hausukwi wote kwa pamoja. Unachukua ukindu, yaani majani machanga ya mkindu, unayaanika, unayachana. Mengine unayachemsha kwenye rangi, nyekundu, zambarau, kijani. Halafu unasuka mkanda mwembamba mrefu, huo ndio ukili, unaouviringa kama bomba la maji kadiri unavyorefuka. Unaweza kuusuka ukiwa unapika, ukiwa msibani, ukiwa unamsikiliza mtu ambaye hana jambo la maana. Ukishatosha ndipo unaanza kushona, mkanda ubavuni mwa mkanda, na hapo ndipo ujuzi wenyewe ulipo, maana maua ya ukili huu lazima yakutane na maua ya ukili ule. Yakipishana kidole kimoja mkeka mzima unaonekana umelewa.

Vipande vinavyoungwa kwa uzi hadi vikatoa picha. Uzaramoni wanalala juu yake, wanakalia matanga juu yake, wanamtandikia bibi harusi. Shangazi anasema alianza kusuka alipowekwa ndani, alipokuwa mwali, kwa sababu siku zilikuwa ndefu na mikono ilihitaji kazi.

Safari ya mwisho niliyowasindikiza kulikuwa na mabishano. Mama alikuwa amepata mteja wa Dar, mtu wa hoteli, anataka mikeka kumi ya ukubwa mmoja na rangi moja. Hela nzuri tu.

"Wifi, kumi!" mama akasema. "Utaezeka bati upya."

Shangazi hakuacha kusuka. "Wifi yangu, mmoja unanichukua miezi. Na ukindu wenyewe nautoa wapi? Lile bonde la nyuma limeshapimwa viwanja."

Mmoja wa mashoga akashauri kamba za plastiki, zinang'aa na haziozi. Pakawa kimya. Shangazi akasema, kwa upole kabisa, kwamba plastiki inatoa jasho na mtoto mchanga hawezi kulazwa pale. Mama akanuna hadi saa ya chai.

Mimi nilikuwa upande wa mama, nikiri wazi. Paa la shangazi linavuja, na heshima ya sanaa haizibi tundu. Kina mama wa Gee's Bend nao waliuza, na walikuwa wakiuza kupitia ushirika wao tangu miaka ya 1960. Lakini pia namwelewa shangazi. Hoteli inataka mikeka kumi inayofanana. Yeye hajawahi kushona miwili inayofanana.

Na si yeye peke yake mwenye tabia hiyo. Wasidi wa Karnataka, India, ambao ni wazao wa Waafrika waliovushwa bahari, wengi wakiwa watumwa wa Wareno wa Goa, wanashona tandiko wanaloliita kawandi. Wanatumia nguo kuukuu za nyumbani, wanaanzia ukingoni wakizunguka kuelekea katikati, na pembeni wanaweka vipande vya pembe tatu vinavyoitwa maua. Bila hayo maua, wanasema, tandiko liko uchi. Nilipomweleza shangazi alitaka kujua jambo moja tu: wanaunga kwa uzi wa rangi gani?

Walifikia makubaliano wakati tunafunga mizigo. Shangazi atawafundisha wale mashoga wanne kushona, ukili utasukwa Kibaha na Kisarawe kwa zamu, na mtu wa hoteli atapata mikeka minne, isiyofanana, akitaka. Mama ameshaanza. Ukili wake wa kwanza umepinda kama barabara ya Pugu, na vitambaa vya makochi vimesimama kwa muda.

Nilipoingia chumbani kwa shangazi kuchukua begi langu niliona mikeka miwili imeviringwa uvunguni. Mmoja ni wa mdogo wangu, ataolewa mwakani. Wa pili ni mweupe, hauna rangi hata moja, umefungwa kwa kanga kuukuu. Sikuuliza ni wa nini, na mama aliyekuwa nyuma yangu hakusema neno.