Nusu karne ya kuiuliza kompyuta: diski zipi zimepachikwa?

Toleo la sita la Unix lilipotoka mwaka 1975 katika maabara za Bell huko Murray Hill, New Jersey, jedwali la kerneli yake, yaani kiini cha mfumo, lilikuwa na nafasi tano tu za mifumo ya mafaili iliyopachikwa. Moja ilichukuliwa na mfumo wa mzizi, ule ambao kompyuta huwaka nao. Diski nyingine zote zilibaki kugawana nafasi nne. Leo kerneli ya Linux, isipobadilishwa mipangilio, hukubali hadi 100,000 kabla ya kukataa. Kati ya tarakimu hizo mbili kuna historia ya swali ambalo Unix ya mwanzo haikuona haja ya kulijibu yenyewe: nini kimepachikwa sasa hivi, wapi, na kimebakiwa na nafasi kiasi gani?

Ken Thompson na Dennis Ritchie, waasisi wa Unix, hawakuzipa diski herufi. Walikuwa na mti mmoja wa saraka, na kila diski iliyoongezwa ilipachikwa kwenye saraka mojawapo ya mti huo. Diski yenyewe, mathalani RK05 ya kampuni ya Digital, ilikuwa sahani ndani ya kasha, yenye ujazo wa takriban megabaiti 2.5. Mtu aliiingiza kwa mkono, kisha akatoa amri ya kuipachika. Mwito wa kerneli wa kupachika, mount, umo tayari katika mwongozo wa kwanza wa Novemba 1971. Mwito wa kuuliza kilichopachikwa haumo, na sababu inaeleweka: aliyetaka kujua aligeuza shingo akatazama mashine.

Baadaye palitafutwa njia ya mkato. Programu ya mount ilipomaliza kazi yake iliandika majina mawili, la kifaa na la saraka, katika faili liitwalo /etc/mtab. Mwongozo ulikiri kwamba faili hilo lipo ili watu walitazame tu. Kerneli haikulisoma wala kulijali. Lilikuwa kama daftari la wageni la gesti, linaloonyesha nani aliandikishwa, si nani yumo chumbani. Umeme ukikatika, majina ya diski ambazo hazipo tena yalibaki humo. Mfumo wa mzizi ukiwa wa kusomwa tu, hakuna kilichoandikwa kabisa.

Swali la nafasi nalo lilijibiwa kwa mabavu. Programu ya df ilifungua diski ghafi, ikasoma ukurasa wake mkuu wa kumbukumbu, kisha ikafuata mnyororo wa vipande vitupu ikivihesabu hadi mwisho. Kwa hiyo ilibidi ijue mpangilio wa diski sawasawa na kerneli inavyoujua. Mpangilio ukibadilika, df nayo iandikwe upya.

Ulibadilika mwaka 1983. Toleo la 4.2BSD la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lilikuja na mfumo wa mafaili wenye kasi zaidi, kazi ya Marshall Kirk McKusick, Bill Joy, Samuel Leffler na Robert Fabry. Mfumo huo huenda pole ukijaa sana, hivyo kwa kawaida ulitenga asilimia 10 ya diski ambayo mtumiaji wa kawaida hakuruhusiwa kuigusa. Tangu hapo nafasi ikawa na hesabu mbili: iliyo tupu, na ile ambayo mtumiaji anaweza kuipata. Ndiyo maana mhudumu wa mitambo aliweza kuona df ikisema diski imejaa kwa zaidi ya asilimia 100, na bado msimamizi mkuu akaendelea kuandika mafaili.

Pigo kubwa zaidi lilitoka kwa kampuni ya Sun Microsystems, iliyoleta NFS katikati ya miaka ya 1980. Sasa saraka iliweza kutoka kwenye seva ya mbali, kupitia mtandao, na mbele ya df hapakuwa na diski ghafi ya kufungua. Njia iliyobaki ilikuwa kuiuliza kerneli, nayo ipeleke swali kwa mfumo wa mafaili unaohusika, uwe wa diski ya ndani au wa seva. Hiyo ndiyo kazi ya mwito wa statfs: unaupa njia ya faili lolote, unakurudishia ukubwa, nafasi tupu na idadi ya mafaili.

NFS ilileta na kero yake. Seva ikizimika, df iliganda ikisubiri jibu. Toleo la 4.4BSD la mwaka 1993 lilikuwa na dawa katika mwito wa getfsstat, unaorudisha orodha nzima ya vilivyopachikwa kwa mkupuo mmoja. Programu huchagua: isubiri takwimu mpya kutoka kila mfumo, au ipokee zile ambazo kerneli inazo tayari na kuendelea na safari.

Linux ilifuata barabara nyingine. Kerneli yake huandika orodha kama maandishi katika /proc/mounts, faili lisilokaa kwenye diski yoyote, na mifumo mingi ikaigeuza mtab kuwa kiungo tu kinachoelekeza huko. Solaris 8 ya Sun, ya mwaka 2000, nayo ililifanya jedwali lake litoke ndani ya kerneli.

Kabla mambo hayajatulia, swali lenyewe likabadilika. Mwaka 2002, Linux 2.4.19 iliruhusu kila kundi la programu kuwa na mti wake wa saraka, kazi iliyosukumwa na Al Viro. Kontena za leo zimesimama juu ya msingi huo. Kuuliza kilichopachikwa hakukutosha tena. Ilibidi kusema kimepachikwa machoni pa nani. Faili la mountinfo, lililoongezwa mwaka 2008, lilitoa maelezo zaidi, lakini kwenye seva yenye maelfu ya vipachiko programu iliyotaka habari za kimoja tu ililazimika kusoma orodha nzima. Namba za utambulisho nazo zilitumika tena baada ya kipachiko kuondolewa, hivyo jibu liliweza kuhusu kipachiko kingine.

Linux 6.8 ya Machi 2024 ilileta miito miwili, listmount na statmount, iliyofanyiwa kazi na Miklos Szeredi na Christian Brauner miongoni mwa wengine. Wa kwanza hutoa namba za vipachiko, wa pili hueleza kipachiko kimoja kwa namba yake, na namba hizo mpya hazirudiwi hadi mashine iwashwe upya.

Kinachokosekana ni makubaliano. Kiwango cha POSIX kina statvfs kwa ajili ya nafasi, lakini hakina mwito wa kuorodhesha vipachiko. Anayeandika programu ya macOS, FreeBSD na Linux bado huandika njia tofauti kwa swali moja, na kerneli ya Linux haiwezi kuifuta /proc/mounts, kwa kuwa programu zinazoitegemea ni nyingi kuliko zilizojifunza miito mipya.