Maganda ya Risasi ya Salaita

Ukitoka Voi kwenda Taveta, ukishapita Maktau na Mbuyuni, utakuta kilima kidogo ambacho usipoambiwa hutakigeuzia hata shingo. Kinaitwa Salaita. Waongoza watalii hupenda kusimulia kwamba jina hilo ni la wenyeji waliowasikia Waingereza wakisema "slaughter", yaani machinjo, wakalitamka walivyoweza. Hadithi tamu, ila majeshi yalikuwa yakilitumia jina hilo kabla ya machinjo yenyewe.

Machinjo yalikuwa tarehe 12 Februari 1916. Wajerumani walikuwa wameishika Taveta tangu Agosti 1914, na Salaita ndiyo iliyokuwa mlango wake. Waingereza wakatuma kikosi kipya kutoka Afrika Kusini. Mizinga ikaanza kwa kupiga kilele. Kumbe mahandaki ya kule juu yalikuwa geresha tu! Askari wa Lettow-Vorbeck walikuwa chini, kwenye mguu wa kilima, wamejificha kichakani wakingoja. Waafrika Kusini walirudi nyuma wakiwa wamepoteza watu zaidi ya 130, kati ya waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Waliowakinga wakati wa kurudi ni Wabaluchi wa jeshi la India.

Nilikwenda huko nikifuatana na mtafiti mwenye kibali, mzee mmoja mwenyeji, na kijana wa kubeba mashine ya kutafutia chuma. Mwenye shamba alikuwa na sharti moja: tuangalie, tuandike, turudishe. Asubuhi yote mashine ililia kwa vifuniko vya soda, misumari na vipande vya bati. Karibu na saa sita ikalia kwa sauti nyingine. Kijana akachokora udongo mwekundu kwa kisu, likatoka ganda la risasi, kijani kwa kutu ya shaba.

"Hii ya Mwingereza, mwanangu," mzee akasema. "Angalia kitako."

Kitako cha risasi ya Mwingereza kina ukingo uliotokeza nje. Ganda la Mauser mpya ya Mjerumani halina ukingo huo, lina mfuo tu uliozunguka. Kuna na la tatu, nene kama kidole gumba, la bunduki ya zamani ya mwaka 1871. Mwanzoni mwa vita askari weusi wengi wa Mjerumani walipewa hiyo, na baruti yake ilifuka moshi mzito uliomwonyesha adui pa kulenga.

"Mzee, hii si mtalii anaweza kununua?" kijana akauliza.

"Atanunua. Halafu akikuuliza ilikuwa wapi, utamwambia mfukoni?"

Sijasoma jibu zuri kuliko hilo katika kitabu chochote cha akiolojia. Kule Marekani, moto ulipounguza nyasi za uwanja wa vita wa Little Bighorn mwaka 1983, watafiti walipita na mashine kama hii wakaweka alama kila palipolia. Kwa kulinganisha mikwaruzo kwenye maganda, waliweza kufuata bunduki moja ikihama kutoka mahali hadi mahali. Waliyoyapata yaliyapa nguvu masimulizi ya Wahindi Wekundu, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa yamepuuzwa. Maganda yangekuwa yamejaa kwenye droo ya mtu, yasingesema lolote.

Sheria yetu haimsaidii sana mzee. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Kenya ya mwaka 2006 inaposema kitu cha kale, inamaanisha kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Ganda la 1916 limezaliwa limechelewa. Kijana naye hana kosa kuuliza bei. Wanunuzi wa skrepa hawaulizi mwaka.

Lakini hata tungelinda kila ganda, bado kuna jambo linanikera. Mashine hulia penye chuma, na chuma kilikuwa mikononi mwa wapiganaji. Waliokufa kwa wingi zaidi katika vita ile hawakupiga risasi hata moja. Ni wapagazi: wale waliobeba unga, maji, dawa na masanduku ya hizohizo risasi, kutoka huku hadi Rufiji na Msumbiji. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Pitisha mashine juu ya kaburi la mtu aliyekufa kwa kuhara njiani. Itakaa kimya.

Na karatasi nazo zimekaa kimya. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Nenda makaburi ya vita ya Taveta uone jinsi mawe ya wengine yalivyopangwa kwa mstari, kila moja na jina lake.

Masalia makubwa ya wapagazi yako mdomoni mwetu. Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zote zimetokana na jina la kikosi chao, "Carrier Corps", lililopita kwenye ndimi za watu wetu. Tunalitaja kila siku tukienda kununua vitenge na nyanya. Hivyo ukiniuliza kifaa cha kutafutia vita ile, nitakwambia chukua simu, washa kinasa sauti, nenda kwa mzee wa kijijini kwenu umuulize nani wa ukoo wenu alichukuliwa Kariakoo. Mashine inaweza kungoja, shaba haina haraka. Wajukuu wa wapagazi ndio wanaotuondoka.