Uchomeleaji wa TIG wa alumini ya injini

Ukarabati wa silinda hedi, sampu au bodi ya giaboksi ya alumini ya kusubu iliyopasuka, kwa cheche ya tungsteni ndani ya gesi ya agoni. Kikwazo ni utando wa oksidi: alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi, utando wake kwa zaidi ya 2,000; hivyo hutumika umeme wa AC, unaoubandua. Fundi hutoboa tundu kwenye kila ncha ya ufa, huuchimba kwa umbo la V, hupasha kipande moto, kisha huongeza waya wa 4043 wenye silikoni. Oili iliyonywewa na alumini hutoka kama masizi meusi. Hapo fundi hukwangua na kuanza upya, hata mara kadhaa. Uso wa hedi husawazishwa kwa mashine. Katika makazi kama Diepsloot, yaliyoanzishwa kaskazini mwa Johannesburg mwaka 1995, kazi hii ilibanwa na mgao wa umeme wa Eskom, shirika la umeme la Afrika Kusini, uliofikia kilele mwaka 2023.