Udhuru wa Mlevi: Istiari ya Mihadarati katika Sinema ya Naked Lunch

Wengi walioandika kuhusu sinema ya Naked Lunch, aliyoitengeneza David Cronenberg wa Kanada mwaka 1991 kutokana na riwaya ya William Burroughs iliyotolewa Paris mwaka 1959, wameridhika kusema kwamba mende wanenao, mataipureta yageukayo wadudu na mji wa Interzone ni maruerue ya mtu aliyelewa mihadarati. Tafsiri hiyo si ya uwongo. Lakini ni pungufu, kwa kuwa yatueleza maruerue yatokako pasina kutueleza yamfaa nini yule ayaonaye.

Bill Lee, ambaye kazi yake ni kuua wadudu majumbani mwa watu huko New York mwaka 1953, agundua kwamba mkewe Joan hujidunga sindano ya poda ile ile aitumiayo kuulia mende, na haukupita muda naye akanaswa. Dawa hii ni ya kubuni, kama ilivyo ile itokanayo na nyama nyeusi ya tandu. Wala si heroini, aliyoijua Burroughs kwa mwili wake mwenyewe. Kisha mende mkubwa amwarifu Lee kuwa Joan si binadamu bali ni jasusi wa adui, na kwamba hana budi kumwua. Lee amponda mdudu kwa kiatu. Hata hivyo hatimaye, katika mchezo wa kulenga shabaha nyumbani, amtaka mkewe aweke bilauri kichwani, afyatua, akosa, na mwanamke aanguka maiti. Ndivyo Burroughs alivyomwua mkewe Joan Vollmer mjini Mexico City, Septemba 1951.

Hapa, kwa rai yangu, ndipo ulipo uzito wa istiari. Ulevi katika sinema hii si raha wala ndoto, bali ni udhuru: mtu aliyetenda asiloweza kulitamka hupewa bwana wa kumtuma, ili jinai yake iwe amri, majuto yake yawe ripoti, na kukimbia kwake kuwe safari ya kazi. Bastola iliyomwua Joan aibadilisha kwa taipureta, kisha akimbilia Interzone. Rafiki zake wanapomfuata Interzone wamkuta hoi, na mfuko aaminio kuwa una vipande vya taipureta iliyovunjika. Wao wakichungua ndani waona dawa tupu. Chombo cha kuungama na chombo cha kulewa vimekuwa kimoja.

Simtuhumu mraibu kwa hila. Uraibu ni maradhi, na aliyewahi kumwuguza ndugu mwenye maradhi hayo ajua jinsi mgonjwa aaminivyo kwa dhati kila neno la udhuru wake. Lee naye aamini, na kwa ajili hiyo nastahi kumcheka.

Burroughs mwenyewe, katika utangulizi wa riwaya yake Queer wa mwaka 1985, alikiri kuwa asingalikuwa mwandishi lau si kifo cha Joan. Cronenberg amalizia hapo hapo. Kwenye mpaka wa nchi ya Annexia askari wamtaka Lee athibitishe kuwa ni mwandishi. Aonyesha kalamu, haitoshi. Basi amwamsha Joan Frost, mwanamke aliyeandamana naye kutoka Interzone, anayechezwa na Judy Davis yule yule aliyecheza mkewe, na kumpiga risasi vile vile. Lau yote yangalikuwa maruerue ya poda tu, risasi hii ya pili isingalikuwa na haja, kwani mpakani hapo hakuna mdudu wa kumwamuru: askari wataka ushahidi, na Lee autoa kwa mkono wake mwenyewe.