Sikio Lisilopiga Hodi

Swichibodi niliyoanzia kazi mwaka 1979, katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini ya Mombasa, ilikuwa na upana wa meza ya watu wanne. Ubaoni palikuwa na safu za matundu, kila tundu na namba ya chumba chake, na juu yake taa ndogo. Mgeni akiinua simu chumbani, taa inawaka. Nachukua waya, nauchomeka kwenye tundu lake, nasukuma mbele swichi ya kusikilizia, ambayo sisi tuliiita kii, kisha nasema, "Opereta." Akinitajia anayemtaka, nachomeka waya wa pili, napiga kengele, nangoja. Wakiitikiana, narudisha kii katikati, na hapo huwa nimetoka chumbani mwao.

Aliyenifundisha kazi alikuwa bibi mmoja wa mtaa wa Kibokoni ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa. Kanuni yake ilikuwa fupi: hallo mbili, funga. Mwezi wangu wa pili, zamu ya usiku, mume na mke waliochukua vyumba mbalimbali walikuwa wakigombana kwa simu, na kii nikaiacha mbele. Nilikuwa na miaka 21, na sikuwahi kusikia watu wazima wakilia namna ile. Bi Mkubwa akanyoosha mkono juu ya bega langu, akairudisha kii mahali pake, akaniuliza taratibu: "Mwanangu, umepiga hodi?" Nikamwambia sikupiga. "Basi umeingia kwa watu, na umewakuta wamevua nguo. Inuka ukanawe uso."

Nilikaa mbele ya swichibodi miaka 24, na swali lile sikulisahau. Siku hizi, nikisikia kwamba hoteli zinaweka vyumbani mashine zinazosikiliza na kujibu, ndilo linalonijia kwanza. Sitara ya mgeni ina historia ndefu, na kwetu historia hiyo inaanzia mlangoni.

Mtoto wa pwani hufundishwa hodi kabla ya kufundishwa kusoma. Surat an-Nur inakataza kuingia nyumba isiyo yako mpaka uombe ruhusa na uwasalimu wenyewe. Na ukiambiwa rudi, urudi. Mafundisho ya Mtume yakaweka idadi: mara tatu, kisha uende zako. Wazee wetu hawakutushurutisha tu kupiga hodi. Walitushurutisha pia kusimama kando ya mlango, ubavu umeuelekea, ili mlango ukifunguliwa jicho lisitangulie mguu.

Nyumba zenyewe zilijengwa kwa adabu hiyo. Katika nyumba za mawe za Lamu unakutana kwanza na daka, lenye mabaraza ya mawe pande mbili, ambapo mwanamume huketi na kuzungumza na wapita njia. Ukivuka mlango, njia inapinda, hivyo aliye barabarani hawezi kukiona kiwanda, yaani ua wa ndani. Baada ya kiwanda ndipo kumbi zinafuatana, kila moja ya siri zaidi kuliko iliyotangulia, mpaka ufike ndani, na chumba hicho jina lake ni hilohilo: ndani. Mgeni wa kulala alikuwa na chumba chake, sabule, karibu na mlango wa kuingilia. Huko alikuwa na heshima zote za mgeni, na wenye nyumba nao walibaki na sitara yao. Ukuta ulimlinda kila mmoja na mwenzake.

Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliona jinsi wafanyabiashara walivyopokewa. Vijana walitoka na mashua kuliendea jahazi, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akimkabidhi mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ndiye mgeni wake. Tangu hapo mgeni alilala kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Bila shaka mwenyeji huyo alijua mengi: mali kiasi gani, deni la nani, safari ya wapi. Wazee wana msemo kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Kata inaingia mtungini kila siku, na tunaiamini kwa sababu tunaijua ilipo na mkono unaoishika. Mwenyeji akimuuza mgeni wake, mji mzima utajua ni nyumba ya nani iliyofanya hivyo, na jahazi la msimu ujao halitamtafuta.

Hoteli ilipokuja ilikigeuza chumba cha mgeni kuwa bidhaa, na simu ikaingiza humo sikio la kwanza. Mwaka 1908 E. M. Statler alifungua hoteli mjini Buffalo, Marekani, kila chumba kikiwa na bafu lake na simu yake. Simu ya zama hizo ilihitaji mtu wa katikati. Watu walikuwa wameanza kumhofia mtu huyo mapema: Almon Strowger, mzika maiti wa Kansas City, alipata hataza ya mtambo wa kuunganisha simu bila opereta mwaka 1891, na inasimuliwa kwamba aliwashuku maopereta kuwa wanawapelekea washindani wake wateja. Mtambo wa kwanza wa aina yake ulianza kazi La Porte, Indiana, mwaka uliofuata. Lakini katika hoteli nyingi opereta alibaki miaka mingine themanini na zaidi.

Sisi tulijua mengi. Kituo cha Longonot kilikuwa kimeiunganisha Kenya na setilaiti tangu 1970, na simu ya Ulaya ilipitia mikononi mwetu: unaibuki, unangoja, unamwita mgeni, unaandika tiketi yenye namba ya chumba na dakika. Tiketi hizo zilitosha kumjua mtu. Ungejua nani anampigia mkewe kila jioni na nani ameacha.

Usiku mmoja ilikuja simu kutoka ng'ambo, na mpigaji, kwa kuchanganyikiwa, akaniambia mimi kwanza: mama wa mgeni wetu amefariki. Niliunganisha. Nikasikia hallo mbili, nikafunga kii. Kisha nikakaa naitazama taa ya chumba kile ikiwaka, na mimi peke yangu katika jengo zima nikijua kwa nini. Asubuhi katika mesi ya wafanyakazi walisema mgeni wa chumba kile hajateremka kwa kifungua kinywa, wakauliza kama ni mgonjwa. Nilikunywa chai yangu. Alipoteremka na mizigo, macho yamevimba, alisimama mbele ya dirisha letu akaniinamishia kichwa. Alijua kuwa ninajua, na alijua nimenyamaza.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo wageni wazoefu walilifahamu. Opereta akifungua kii katikati ya mazungumzo, sauti hufifia kidogo na mlio mdogo husikika, tik. Mtu akisikia tik ile alisema, "Opereta, toka kwenye laini," nasi tulitoka. Sikio letu lilikuwa na kishindo. Lilikuwa na jina pia, na meneja wa kulishtakia.

Sikio lisilo na kishindo ni jambo tofauti. Mjini Tallinn, Estonia ilipokuwa chini ya Usovieti, hoteli ya Viru ilifunguliwa mwaka 1972 kwa ajili ya wageni kutoka nje, hasa Wafini. Lifti ilionyesha ghorofa 22. Ghorofa ya 23 ilikuwa na mlango ulioandikwa kwa Kirusi kwamba hapa hakuna kitu, na nyuma ya mlango huo KGB, majasusi wa Usovieti, waliweka mitambo yao ya redio na ya kusikilizia. Vyumba vipatavyo 60 vilitegwa vinasa sauti, na vinasa vingine vilifichwa ndani ya visahani na vibia vya majivu mezani mwa mkahawa. Waliondoka mwaka 1991 wakiacha vifaa vilivyovunjwavunjwa, na tangu 2011 ghorofa hiyo ni makumbusho. Nikifikiria wageni wa Viru nawafikiria wakiongea na wake zao gizani, wakidhani wamefunga mlango.

Mashine za leo hazikufichwa, na haki itendeke: hoteli inayoziweka haifanyi ujasusi. Desemba 2016 hoteli ya Wynn ya Las Vegas ilitangaza kuweka spika za Amazon Echo katika vyumba vyake vyote 4,748, ili mgeni azime taa na kufunga mapazia kwa kusema tu. Juni 2018 Amazon ikaanzisha huduma maalumu ya hoteli, kampuni ya hoteli ya Marriott ikiwa miongoni mwa wa kwanza kuitumia. Amazon iliahidi kwamba hoteli haitazisikia sauti za wageni, na kwamba rekodi zitafutwa kila siku. Kwa mgeni asiyeweza kunyanyua mkono, au asiyeona swichi ilipo, kisaidizi cha sauti ni rehema, na sitaki anyang'anywe.

Lakini tuangalie kinavyofanya kazi. Maikrofoni yake hukaa wazi, isipokuwa mtu aizime. Inangoja neno moja, jina lake, na ikidhani imelisikia hurekodi yanayofuata na kuyapeleka kwenye kompyuta za kampuni, mbali kabisa na chumba. Tatizo liko kwenye kudhani. Mwaka 2018, Portland, Oregon, kifaa cha aina hiyo kilirekodi mazungumzo ya mke na mume nyumbani kwao kikayatuma kwa mtu waliyemfahamu. Amazon ilieleza kuwa kilidhani kimeitwa, kisha kikadhani kimeamriwa. Aprili 2019 shirika la habari la Bloomberg lilifichua kwamba maelfu ya watu duniani walikuwa wakisikiliza rekodi za Alexa, kisaidizi cha sauti cha Amazon, ili kuifunza kuelewa vizuri zaidi. Julai mwaka huohuo watangazaji wa Ubelgiji, VRT, walisikiliza rekodi zaidi ya 1,000 za kisaidizi cha Google wakakuta 153 ambazo hakuna aliyekiita. Apple nayo, iliyoshtakiwa kwa sababu ya kisaidizi chake kiitwacho Siri, ilikubali mwishoni mwa mwaka 2024 kulipa dola milioni 95 kumaliza kesi, bila kukiri kosa.

Nikisoma habari za watu wale waliokuwa wakisikiliza rekodi, naona swichibodi. Ni maopereta, ila hawana tik. Huwezi kuwaambia watoke kwenye laini. Wala wao hawana Bi Mkubwa wa kusimama nyuma ya bega lao, wala mgeni atakayewainamishia kichwa kwa kushukuru.

Nyumbani angalau uliinunua mashine mwenyewe. Hotelini umeikuta. Umechoka, umetua begi, na yenyewe iko mezani tangu kabla yako, imeunganishwa na akaunti usiyoijua. Na kuna mwingine ambaye hatajwi kabisa: mhudumu wa chumba. Nimefanya kazi nao miaka yote. Mama anatandika vitanda huku simu ameibana begani akimwambia mwanawe wapi pa kupata pesa za daftari. Anasema yanayomkera. Kwa muda ule chumba ni cha kwake, na hakuna aliyemuuliza kama anaridhia kusikilizwa.

Sheria zetu zimeanza kuliandika jambo hili. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya faragha, pamoja na ya mawasiliano yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ilipitishwa 2019. Tanzania ilitunga yake 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Msingi wa sheria hizo mbili ni kwamba taarifa za mtu zisichukuliwe pasipo sababu halali, na ridhaa yake ni mojawapo ya sababu hizo. Kwa masikio yangu hiyo ni hodi iliyoandikwa kwa wino. Wenye hoteli wa pwani yetu wakishawishika kununua vifaa hivi, nawaomba wafanye jambo jepesi: vikae mapokezi, na anayekihitaji aombe apelekewe. Chumba kiwe kimya mpaka mgeni mwenyewe aseme karibu.

Mwaka 2022 nilimtembelea mwanangu katika mji mmoja wa Ghuba, na siku mbili za mwisho nililala hotelini. Mezani, karibu na mto wa kulalia, palikuwa na spika ndogo ya duara. Sikuijali. Usiku nilimpigia dada yangu Mombasa, tukazungumza maradhi ya mume wangu, na mambo ya urithi wa baba ambayo hatujawahi kuyasema mbele ya watoto. Katikati ya maneno taa ya spika ikawaka, na sauti ya mwanamke ikasema kwa Kiingereza kwamba haikuelewa, nirudie tafadhali. Dada akanyamaza. Kisha akauliza, "Nani huyo chumbani mwako?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilikata simu, nikaichomoa mashine ukutani, nikaomba mapokezi waje kuichukua. Mlango niliuacha wazi. Aliyekuja alikuwa kijana wa Kilifi. Alipoiona kanga yangu alibadili lugha hapohapo. Hakuvuka kizingiti. Alisimama kando, ubavu umeuelekea mlango, akaita, "Hodi, mama." Nikachelewa kuitikia kwa kuwa koo lilikuwa limenikaba. Akaita tena, akangoja.

"Karibu, mwanangu."

Alipoondoka na mashine nilifunga mlango, nikampigia dada yangu. Akaniuliza nimebaki na nani. Nikamwambia niko peke yangu.

"Haya," akasema, "tuendelee."