Dhima ya jinai ya wasimamizi wa mbio za magari

Dhima ya jinai ya wasimamizi wa mbio za magari ni hali ambapo waandaaji, wenye uwanja, wakurugenzi wa mashindano au walinzi wa njia wanaweza kushtakiwa na kuadhibiwa mahakamani baada ya ajali ya mbio kusababisha kifo. Aliyekufa anaweza kuwa dereva, mtazamaji au mfanyakazi wa mashindano. Dhima hii ni tofauti na dhima ya madai, ambayo huishia kwenye kulipa fidia, na pia ni tofauti na adhabu za vyama vya michezo, kama vile faini au kufungiwa.

Misingi ya kisheria

Kifo peke yake hakitoshi kumtia mtu hatiani. Kwa kawaida upande wa mashtaka hutakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba mshtakiwa alikuwa na wajibu wa kulinda usalama, kwamba alishindwa kuutimiza kwa uzembe mkubwa, na kwamba uzembe huo ndio uliosababisha kifo. Uthibitisho lazima usiache shaka yoyote ya msingi.

Katika nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, kiwango cha uzembe wa jinai ni cha juu kuliko kile cha madai. Katika shauri la Andrews la mwaka 1937, lililohusu dereva aliyemgonga mtu, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo ilieleza kwamba uzembe wa kawaida unaotosha kudai fidia hautoshi kumtia mtu hatiani kwa kuua bila kukusudia.

Maandishi kwenye tiketi yanayosema kwamba mtazamaji anaingia kwa hatari yake mwenyewe yanaweza kuathiri madai ya fidia, lakini hayaizuii serikali kufungua kesi ya jinai.

Kesi mashuhuri

Kesi zinazojulikana zaidi zilisikilizwa nchini Italia, ambako waendesha mashtaka huchunguza vifo vya michezoni kama vifo vingine.

Tarehe 10 Septemba 1978, magari kadhaa yaligongana mara baada ya mbio za Formula 1 kuanza huko Monza. Dereva Msweden Ronnie Peterson alivunjika miguu na akafariki hospitalini siku iliyofuata. Gianni Restelli, aliyesimamia kuanza kwa mbio, alilaumiwa kwa kuwasha taa ya kijani kabla magari ya nyuma hayajasimama katika nafasi zao. Yeye na dereva Riccardo Patrese walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Wote wawili waliachiwa huru mwaka 1981.

Tarehe 1 Mei 1994, dereva Mbrazili Ayrton Senna alifariki baada ya gari lake kugonga ukuta katika kona ya Tamburello, huko Imola. Siku moja kabla, dereva Roland Ratzenberger wa Austria alikuwa amekufa katika uwanja huohuo. Kesi ya kifo cha Senna ilianza Februari 1997 ikiwa na washtakiwa sita. Watatu walitoka timu ya Williams: Frank Williams, Patrick Head na Adrian Newey. Wengine watatu walikuwa upande wa uwanja na mashindano: Federico Bendinelli wa kampuni iliyoendesha uwanja, Giorgio Poggi aliyekuwa mkurugenzi wa uwanja, na Roland Bruynseraede aliyekuwa mkurugenzi wa mbio. Desemba 1997 wote sita waliachiwa huru. Rufaa zilizofuata zilihusu usukani wa gari na wahandisi wake. Mwaka 2007 mahakama ya juu ilisema kwamba Head alihusika kwa kutosimamia ipasavyo mabadiliko ya usukani, lakini hakuweza kuadhibiwa kwa kuwa muda wa kisheria ulikuwa umepita.

Mbio za barabarani

Katika mbio zinazopita barabara za kawaida, watazamaji huweza kusimama hatua chache tu kutoka kwenye magari. Tarehe 12 Mei 1957, katika mbio za Mille Miglia nchini Italia, gari la Ferrari la Alfonso de Portago lilipasuka gurudumu na kuacha njia. Walikufa dereva, mwenzake garini na watazamaji tisa, watano kati yao wakiwa watoto. Enzo Ferrari, mwenye kampuni iliyotengeneza gari hilo, alishtakiwa, na mashtaka yakafutwa mwaka 1961.

Huko Scotland, watazamaji watatu walikufa katika rali ya Jim Clark mwaka 2014. Badala ya kesi ya jinai, ulifanyika uchunguzi wa mahakama kuhusu vifo hivyo, ambao lengo lake ni kutafuta chanzo na njia za kuzuia vifo vingine.

Afrika ya Mashariki

Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi iliendeshwa kwenye barabara ambazo hazikufungwa kwa magari mengine. Siku hizi sehemu za kushindania kasi hufungwa wakati wa mashindano.

Nchini Tanzania, Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16), kifungu cha 195, inasema kwamba anayesababisha kifo kwa tendo lisilo halali au kwa kutotenda ana kosa la kuua bila kukusudia. Kutotenda huko ni lazima kufikie uzembe mkubwa wa kutotimiza wajibu wa kulinda uhai au afya. Adhabu ya juu, kwa mujibu wa kifungu cha 198, ni kifungo cha maisha. Sheria ya Kenya inafanana nayo katika vifungu vya 202 na 205 vya Kanuni ya Adhabu (Sura ya 63).

Kwa mfano, kama rali ingepita barabara ya milimani yenye kona kali, kama zile za Upare zinazopanda kuelekea Msangeni, mahakama ingeweza kuuliza kama wanakijiji walitangaziwa, kama watu waliondolewa upande wa nje wa kona, na kama kuna aliyekuwa na mamlaka ya kusimamisha mbio akaacha kuyatumia. Mlinzi wa kujitolea aliyetekeleza maagizo hawekwi katika nafasi moja na mkurugenzi aliyeonywa kuhusu hatari akaendelea na mbio.